Kutafuta Vyanzo vya Historia katika Nyaraka za Kidijitali

Mada ya vyanzo vya historia huonekana nyepesi mpaka swali linapokutaka utoe mfano wa eneo lako. Hapo watahiniwa wengi wa kwetu Bariadi hukimbilia Olduvai na Kilwa, kana kwamba Usukuma haikuandikwa popote. Imeandikwa, ila kwa majina mengine.

Nyaraka za kidijitali ni hati, vitabu, ramani na picha za zamani zilizopigwa skana na kuwekwa kwenye intaneti. Mfano ni Internet Archive, ambako vitabu vingi vya karne ya 19 husomwa bure, hata kwa simu.

Ukiandika humo “Mkoa wa Simiyu”, usitarajie hati ya zamani. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Hati hutumia jina la wakati wake na tahajia ya aliyeiandika. Stanley, aliyefika kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1875, aliuandika mto Simiyu “Shimeeyu”. Wajerumani waliandika Mwanza “Muansa”, na koloni lote wakaliita “Deutsch-Ostafrika”. Wakati wa Waingereza, Bariadi ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa, yaani “Lake Province”. Busega nayo ilitoka Magu, mkoani Mwanza. Kwa hiyo kabla hujashika simu, andika kwenye daftari majina yote ambayo eneo lako limewahi kuitwa, pamoja na ya utemi, kama Ntuzu na Kanadi. Dakika tano hizo zitakuokolea kifurushi.

Lugha nayo ina mtego wake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za enzi ya ukoloni wa Kijerumani, na maelezo yake ni ya Kijerumani. Neno “pamba” halitakufikisha mbali, jaribu “Baumwolle”. Jina la maneno mawili lifunge kwa alama za kunukuu, la sivyo “Lake Province” italeta kila ziwa duniani.

Ukikosa neno la kutafutia, pekua. Mikusanyo mingi hupangwa kwa eneo, mwaka au aina ya hati. Ingia kwenye kundi, kisha pitia moja baada ya nyingine. Ni kazi ya polepole, lakini mimi naipenda zaidi, maana hukuonesha usichojua kuwa kipo.

Ukipata, nakili papo hapo mwandishi, kichwa, mwaka na ukurasa au namba ya picha. Halafu jiulize nani aliandika maelezo yale. Mara nyingi mkoloni hutajwa kwa jina, na Msukuma aliyesimama kando yake hana jina. Huo ni upendeleo wa chanzo, na ukiueleza kwa mfano kama huu, jibu lako lina uzito kuliko kutaja tu “udhaifu wa nyaraka”.

Jipime: Mwanafunzi wa Itilima anatafuta hati kuhusu kilimo cha pamba kwao miaka ya 1950, kipindi ambacho Victoria Federation of Co-operative Unions ilianzishwa (1955). Taja majina matatu ya mahali atakayoyatafuta, na ueleze kwa nini asianze na “Mkoa wa Simiyu”.