Maudhui ya Mirathi: Wosia, Maridhiano na Utekelezaji Wake

Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Yona na Sara wanasimangwa kwa kukosa mtoto wa kiume. Nyuma ya masimango hayo mna swali zito: nani atarithi? Ili uyajadili maudhui haya kwa mashiko, elewa kwanza mambo yanavyokwenda katika jamii.

Mfano wa kubuni

Chukua familia moja ya Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Baba anafariki na kuacha wosia: shamba la majani chai na ploti ya sokoni ni vya wanawe wawili wa kiume. Binti aliyemuuguza hadi mwisho hakutajwa. Binti anaupinga wosia. Baada ya vikao vya wazee, wote wanakubaliana apewe nusu eka ya chai na vyumba viwili vya kukodisha. Wanatia sahihi, wanakula pamoja. Mwaka unapita. Kaka mkubwa anamfukuza mpimaji ardhi aliyekuja kuweka mipaka. Je, binti ameshindwa?

Mambo ya kuzingatia

1. *Wosia hupingwa.* Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 1981, mtoto asiyetengewa cha kutosha anaweza kuiomba mahakama impe fungu. Sharti afanye hivyo kabla ya usimamizi wa mirathi kuthibitishwa. Anayenyamaza huchelewa.

2. *Maridhiano yanaruhusiwa.* Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inahimiza upatanishi, zikiwemo njia za jadi. Kikao cha wazee si kazi bure.

3. *Makubaliano hupata meno mahakamani.* Karatasi iliyobaki kwa mzee wa kijiji ni rahisi kukanwa. Ikitiwa sahihi na warithi wote, ikawasilishwa katika kesi ya mirathi na hakimu au jaji akaipitisha, inakuwa amri ya mahakama.

4. *Majuto si sababu ya kuivunja.* Mahakama za rufaa za Afrika Mashariki zilishikilia msimamo huu katika kesi ya Hirani dhidi ya Kassam (1952) na ya Brooke Bond Liebig dhidi ya Mallya (1975). Amri ya maafikiano hutenguliwa kwa sababu nzito kama vile udanganyifu, njama au kutoelewa mambo ya msingi.

5. *Mkaidi hulazimishwa.* Mahakama inaweza kuagiza polisi wamlinde mpimaji akifanya kazi, na afisa wa mahakama atie sahihi hati za uhamisho badala ya anayekataa. Anayeendelea kukaidi anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama.

Basi jibu la swali letu ni hili: ikiwa makubaliano yalipitishwa na mahakama, binti hana haja ya kuanza kesi upya, anaomba amri itekelezwe. Ikiwa yaliishia kwenye karamu, ana safari ndefu.

Uhusiano na tamthilia

Wanaomsimanga Sara wanaamini kuwa binti si mrithi. Sheria haikubaliani nao. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, ambapo marehemu hakuacha wosia, Mahakama ya Rufaa iliwapa mabinti mgao sawa na wa kaka zao. Tofauti hii kati ya desturi na sheria ni hoja nzuri unapojadili taasubi ya kiume.

Tanbihi: Usijaze vifungu vya sheria katika jibu la mtihani. Hoja zako zitoke katika tamthilia. Maelezo haya yakusaidie kuzifafanua.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi kukosa mtoto wa kiume kunavyoathiri ndoa ya Yona na Sara. (alama 10)
2. "Maridhiano bila utekelezaji ni maneno matupu." Jadili ukirejelea familia ya Keroka. (alama 6)
3. Je, wazee wa kikao walikosea wapi? Toa ushauri. (alama 4)