Kahawa, Miraa na Kidonge: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni hati za forodha, Mombasa. Tarakimu moja ikikosewa, kontena linalala bandarini na gharama zinapanda kila siku. Kwa mtu mwenye ADHD kama mimi, ambaye mawazo yake hayatulii tangu utotoni, kazi hiyo ni mtihani. Kahawa nimeitegemea, miraa nimetafuna, na sasa natumia dawa ya daktari.

1. Kukesha si kuzingatia.
Kahawa huizuia adenosini, kemikali inayoleta usingizi ubongoni. Basi, hapo ndipo kazi yake ya maana inapoishia. Nilikuwa nikinywa kahawa chungu mpaka macho yanakauka, kisha nasoma mstari uleule tena na tena huku nikiwaza bei ya mabati.

2. Handasi, yaani mchangamko wa miraa, haikuchagulii kazi.
Usiku wa hati nyingi tulikuwa wawili ofisini, mashavu yamejaa miraa, njugu karanga na chingamu za Big G mezani za kuua uchungu. Mwenzangu alishikwa na hamu ya kupanga makabrasha yote upya kwa rangi. Akayapanga vizuri mno! Akapanda kiti akafuta na feni. Hati zilizotakiwa asubuhi hata hakuzigusa, na kulipokucha alikuwa mkali, hasemezeki.

3. Bunda halina kipimo.
Kinachochangamsha kwenye miraa ni kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Majani yakikauka nguvu yake hupungua upesi, ndiyo maana mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba na magari ya kutoka Maua, Meru, hukimbia kama yanafukuzwa. La leo na la jana hayalingani, kwa hiyo mlaji hajui ameingiza kiasi gani mwilini. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, zogo lilikuwa la kodi, biashara na vijana wanaoharibika. Sikusikia mtu akiuliza kama miongoni mwa hao vijana wamo wanaojitibu ADHD bila kujua. Si wote, najua. Lakini swali lilistahili kuulizwa.

4. Dawa yenyewe haina shamrashamra.
Nilitarajia mbio, nikapata utulivu: makelele ya barabarani yakabaki barabarani. Natumia methilfenideti, iliyotengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi. Jina Ritalin lilitokana na Rita, mkewe. Dawa hiyo huongeza dopamini na noradrenalini zinazopatikana kati ya seli za ubongo, na kidonge cha kawaida hudumu saa tatu au nne hivi. Hata hivyo hakijui kazi ipi ni ya bosi na ipi ni upuuzi. Nikikimeza huku nimeshika simu, nitaizingatia simu hiyo kwa bidii ya ajabu. Kwa hiyo kwanza naandika kwenye karatasi hati ninayoanza nayo, ndipo nameza.

5. Kula kabla.
Dawa hukata njaa, pilau ikapoa mbele yako. Na ukiimeza jioni, usingizi utausikia kwa majirani.

6. Usimgawie mtu.
Mpwa wangu alinijia msimu wa mitihani: “Mjomba, nipe kimoja tu, nikeshe nacho.” Nilimkatalia, akanuna. Mimi kabla ya kuandikiwa nilipimwa shinikizo la damu, nikaulizwa habari za moyo na kama katika ukoo kuna mwenye maradhi ya akili, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuupeleka moyo mbio na kumfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo. Yeye nani kampima? Tena dawa hii inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na nchi nyingine hazicheki na msafiri aliyeibeba bila karatasi ya daktari. Kama wewe au mwanao umakini unawasumbua tangu utotoni, mwoneni daktari wa magonjwa ya akili. Vidonge vya jirani, mwacheni navyo.