Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Kaskazi Mbili

Mwongozo kwa mkaazi wa Mombasa anayetaka kupanda mti wa kienyeji

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kwetu sisi wa pwani, mwezi wa Novemba una mtihani wake. Mvua za vuli ni fupi, na zikikatika tu, kaskazi huingia na jua kali la Januari hadi Machi. Mche uliopandwa bila mpango wa maji hufia hapo. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua mti, kuupanda na kuuvusha katika miezi hiyo.

Mti wa kienyeji ni upi?

Ni mti ambao asili yake ni eneo letu, haukuletwa na watu kutoka mbali. Mwembe na mwarobaini, ambao wengi wetu huuita mkilifi, ni miti yenye manufaa, lakini asili yake ni Asia. Hakuna haja ya kuikata. Tunachohimiza ni kwamba palipo na nafasi, tupande miti iliyozoea udongo wetu mchache ulio juu ya miamba ya matumbawe, upepo wa bahari na kiangazi kirefu.

• Mbuyu. Huhifadhi maji katika shina na kupukutisha majani wakati wa kiangazi. Maua yake hufunguka usiku na popo huyachavusha. Mbegu zake ndizo hutengenezewa mabuyu yanayouzwa mitaani. Itazame mibuyu ya bustani ya Mama Ngina ujue mti huu unahitaji nafasi kiasi gani.
• Mkwaju. Hukua polepole, lakini ukikomaa hutoa kivuli kizuri, hustahimili upepo na hutupatia ukwaju.
• Mbambakofi. Mbao zake ngumu zimetumiwa kutengeneza milango ya nakshi katika miji ya Waswahili. Unafaa viwanja vya shule na vya ibada.
• Mfudu. Ni mti mdogo kuliko hiyo mingine, unaozaa fudu nyeusi zinazoliwa. Unafaa ua wa nyumba.

Chagua mahali kwanza

Inua macho uangalie nyaya za umeme, kisha uulize mabomba ya maji na maji taka yanapita wapi. Mbuyu, mkwaju na mbambakofi usiipande chini ya nyaya wala karibu na tangi la choo, na iwe angalau mita 10 kutoka ukuta wa nyumba. Ukitaka kupanda kando ya barabara au katika uwanja wa umma, pita kwanza katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ili mti wako usije ukang'olewa barabara inapopanuliwa.

Miche inunuliwe kwenye kitalu. Usiing'oe katika msitu wa kaya, kwani misitu hiyo ni mitakatifu kwa Wamijikenda na inalindwa. Ukitaka kuotesha mbuyu mwenyewe, gamba la mbegu ni gumu: zimwagie maji ya moto na uziache humo usiku kucha kabla ya kuzipanda.

Hatua za kupanda

1. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Ukikuta mwamba, hamia mahali pengine.
2. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.
3. Mwagilia mche, kisha chana mfuko wa plastiki na uutoe wote. Mizizi iliyofungiwa haiwezi kutanuka.
4. Simamisha mche hadi pale shina linapokutana na mizizi palingane na uso wa ardhi. Rudishia udongo na ushindilie taratibu kwa mkono.
5. Tengeneza kisahani cha udongo kuuzunguka ili maji yasitiririke. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina.
6. Uzungushie uzio wa vijiti. Mbuzi mmoja huweza kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa dakika chache.

Wakati mzuri zaidi ni mwanzo wa masika, mwezi wa Aprili, kwa sababu mizizi hupata miezi kadhaa ya kushuka kabla ya kaskazi. Ukipanda wakati wa vuli, hakikisha maji ya Januari unajua yatatoka wapi.

Maji katika mji wenye uhaba wa maji

Kikombe kimoja kila jioni hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi hubaki juu ikiyafuata. Ni afadhali kumwaga lita 10 polepole, mara mbili kwa wiki, yazame hadi chini. Si lazima yawe maji ya bomba. Maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya udhu yakikingwa kwenye ndoo, yanafaa. Usitumie maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, wala ya kisima chenye chumvi nyingi. Endelea hivyo katika kiangazi cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo, mti wa kienyeji uliopandwa mahali pake huanza kujitegemea.

Hesabu mwezi wa Aprili

Kwa vikundi, shule na hata sisi watumishi wa umma, picha hupigwa siku ya kupanda. Turudi tena Aprili tuhesabu iliyobaki, tupige picha nyingine. Kabla ya kuchukua miche, amueni nani atamwagilia upi, na muandike jina lake. Kikundi chenye maji ya kutosha miche 10 kipande 10, hata kikipewa 50 bure. Hiyo 40 iliyobaki ikae kitaluni kivulini hadi apatikane wa kuitunza.