Kutoka Kusukumwa hadi Kusimama: Clara na Mwindo

Katika somo la mnyambuliko wa vitenzi tunajifunza kutenda, kutendwa na kutendesha. Nataka kuonyesha kwamba kauli hizo zinatusaidia pia kuchambua jinsi mhusika mtoto anavyokomaa. Mfano wangu ni Clara, katika katuni za Heidi, sehemu 52, zilizotengenezwa Japani mwaka 1974 chini ya uongozi wa Isao Takahata kutokana na riwaya ya Johanna Spyri.

Clara ni binti wa tajiri wa Frankfurt, na hatembei. Tukimsimulia kwa Kiswahili, vitenzi vyake vya mwanzo ni hivi: anasukumwa katika kiti cha magurudumu, anabebwa, anakatazwa, anadekezwa. Daima mtendaji ni mwingine. Woga wake haukutoka miguuni tu, ulilelewa.

Akiwa katika milima ya Uswisi, siku moja ng'ombe anamkaribia. Clara anashtuka, anasimama. Lakini hapo woga ndio uliomsimamisha. Akishajua kwamba miguu ina nguvu, anaogopa kujaribu tena. Heidi, rafiki ambaye amekuwa naye muda wote, anakasirika, anamwita mwoga na kukimbia. Clara anasimama ili amfuate. Ndipo yanafuata mazoezi, kuanguka, na mwishowe kutembea. Kusimamishwa kumekuwa kusimama.

Mimi niliyekulia Kibua siwezi kumtazama Clara bila kumkumbuka Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Utendi wake, uliosimuliwa na Shé-kárisi Rureke mwaka 1956, ulichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Jina lake la sifa, Kabutwakenda, ni kusema: aliyezaliwa tu akatembea. Mwindo anaanza pale Clara anapoishia. Hata hivyo naye hajakomaa, anajisifu mno. Baada ya kuua joka Kirimu, Nkuba, bwana wa radi, anampandisha mbinguni mwaka mzima. Huko anateswa na baridi, mvua na jua. Anaonywa, anakatazwa kuua wanyama, kisha anarudishwa kutawala kwa haki. Mtoto wa kutenda amefunzwa kwa kutendwa.

Kwa hiyo kukomaa si kuacha woga na kuwa shujaa tu. Ni kujifunza ile kauli uliyoikosa: Clara alikosa kutenda, Mwindo alikosa kutendwa.

Jambo hili linatuhusu sisi tutakaofundisha. Katika Masisi na Walikale, vita vimewakimbiza watoto wengi. Wengine wamebeba wadogo zao mgongoni kabla wao wenyewe hawajabebwa vya kutosha. Tukiwapata darasani, tusiharakishe kuwasifu kwa ukakamavu wao, wala tusimcheke jirani yao anayetetemeka akiitwa ubaoni. Kwa kila mmoja tuulize kwanza: huyu amekosa kauli gani?