Mbegu za Muiri: Ndugu wa Tumbo Moja

Muhula uliopita, kule Chama cha Mazingira, tulitakiwa tulete mbegu za miti ya kienyeji ili tuanzishe kitalu. Mimi na wenzangu wawili, kwa uvivu wetu, tulikwenda moja kwa moja hadi kwenye ule muiri ulio nyuma ya maabara, tukaokota matunda ndoo nzima, tukarudi tukijipiga kifua. Mwalimu wa Biolojia akaitazama ndoo.

"Hizi zote ni za mti mmoja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi mmeniletea ndugu wa tumbo moja. Msitu wa ndugu watupu nitaufanyia nini?"

Jamani, tulinywea. Lakini neno hilo lilinikaa rohoni, nikaenda kusoma.

Muiri ni jina la Kikuyu. Wakalenjin huuita tendwet, na wataalamu wanauita Prunus africana. Ni mti wa milimani, waweza kufika mita 40, na ukiponda jani lake utasikia harufu ya lozi. Unapatikana Kameruni, Ethiopia, Uganda, hapa kwetu, mpaka Afrika Kusini na Madagaska. Ila usidhani umeenea mfululizo! Hupenda baridi ya juu, hivyo Mlima Kenya ni kama kisiwa chake, Elgon kisiwa kingine, Mlima Kameruni vilevile. Maua yake huchavushwa na wadudu, na mbegu husambazwa na ndege na kima wanaokula matunda. Sasa niambie, ni nyuki gani atakayebeba chavua kutoka Kameruni hadi Elgon?

Ndiyo maana kila kundi hubaki na chembe zake za urithi, yaani jeni. Mabadiliko madogo yanayozuka kisiwa kimoja hayafiki kingine. Ukame ukiwaua wasiouweza upande huu, huko kwingine mvua inanyesha tu. Baada ya maelfu ya miaka, jamaa hao wamekuwa mbali kidamu ingawa kwa sura ni wale wale. (Mhariri aliniuliza haya yanahusu nini na Kiswahili. Nikamwambia: Kiamu na Kimvita ni lugha moja, lakini mbona si sawasawa?)

Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa DNA ya miti hii kutoka Kameruni, Ethiopia, Kenya, Uganda na Madagaska. Sehemu kubwa ya tofauti ilionekana baina ya nchi na nchi. Mwingine wa mwaka 2011 ulinishangaza zaidi: miti ya magharibi mwa Uganda ina undugu na ile ya Kameruni. Wataalamu wanasema zamani, hali ya hewa ilipokuwa ya baridi zaidi, misitu ya milimani ilishuka chini na kuacha njia baina ya mashariki na magharibi. Joto liliporudi, miti ikapanda tena vileleni, njia ikafungika. Kwa hiyo ndani ya mti mmejaa historia ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

Sasa, hatari ni hii. Gome la muiri hutengenezwa dawa ya tezi ya kibofu kwa wazee wa kiume. Ufaransa walitoa hataza yake mwaka 1966. Tangu hapo magome yakachunwa kwa tani, Kenya ikiwemo, na mti uliochunwa pande zote hufa umesimama. Mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya Mkataba wa CITES. Kundi la mlima mmoja likiisha, huwezi kusema "si kitu, tutaleta mbegu za Kameruni." Hizo ni mbegu za watu wengine, zimezoea mvua nyingine. Wala huwezi kuziweka akiba kama mahindi ghalani, kwa maana mbegu za muiri zikikaa hupoteza uhai upesi. Ghala ni miti yenyewe iliyosimama.

Zile zetu za ndoo? Tulizipanda, zimeota, lakini Mwalimu amezitenga kwenye kitanda chao peke yao. Safari hii tumeambiwa tuokote kidogo kidogo kutoka miti 30, iliyoachana angalau mita 50, ili isiwe mama na wanawe. Afisa wa misitu amekwisha kutupa ruhusa. Tunatoka Jumamosi saa moja asubuhi. Mwenye kutaka kuja aje na mfuko wake na kalamu, maana kila mti utaandikwa.