Kabla hujanunua RAM yenye namba kubwa

Wateja wengi wanaoniletea laptopu nzito huuliza RAM ipi ina kasi zaidi. Mimi huanza na ukubwa. Fungua programu zote unazotumia siku ya kazi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, halafu Memory. RAM ikikaribia kujaa, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo ndipo mashine inapokwama. RAM hujibu kwa makumi ya nanosekunde. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa. Hata SSD, pamoja na wepesi wake, iko mbali sana na RAM. Hakuna kasi itakayoziba pengo hilo, kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye GB.

Dirisha hilohilo linaonyesha sloti ngapi zimetumika. Chukua ThinkPad T480 yenye prosesa ya i5-8250U: sloti mbili za DDR4, kasi 2400. Namba hiyo ni uhamishaji milioni 2,400 kwa sekunde, na kila mmoja hubeba baiti 8, yaani GB 19.2 kwa sekunde. Ukiweka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, data inapata njia mbili na kikomo kinafika GB 38.4. Mashine isiyo na kadi yake ya picha hutumia RAM hiyohiyo kuchora picha kwenye kioo, kwa hiyo mchezaji wa gemu ataona tofauti waziwazi. Anayeandika barua huenda asiione kabisa.

Ukiipa T480 hiyo RAM ya 3200, itaipokea na kuiendesha kwa 2400. Ukichanganya mbili zenye kasi tofauti, zote hufuata ya polepole.

Wauzaji wachache hutaja CL, nayo ina uzito wake: ni mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kuanza kutoa data iliyoombwa. Zidisha CL kwa 2,000, gawanya kwa kasi, upate nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 husubiri 10. Yenye CL22, 13.75. DDR5 ya 4800 yenye CL40 husubiri karibu 16.7, ingawa ikishaanza hupitisha data nyingi zaidi. Mbili zikilingana kwa kasi na bei, mimi huchukua yenye CL ndogo.

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato kwenye meno uko mahali tofauti, hivyo isipoingia usiilazimishe. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi: hizo, amua ukubwa siku ya kununua.

Kwa kompyuta ya mezani, RAM ya 3600 mara nyingi huwaka kwa 2133 au 2666 mpaka uingie BIOS na kuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyotangazwa. Ukishaiwasha, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, shusha kasi urudie. Kosa likibaki, irudishe dukani.