Kibarua wa Hospitali Naye Ana Haki

Somo hili ni la vikundi: jumuiya, akina mama, vijana, na wote wenye jamaa anayefanya kazi katika hospitali kubwa ya umma. Lisomwe kwa sauti, sehemu kwa sehemu, halafu mjadiliane. Walio na kalamu na daftari waje navyo, maana mtavihitaji.

1. Tuangalie hali ilivyo

Ukiingia hospitali kubwa ya umma alfajiri, watu wa kwanza utakaowaona si madaktari. Ni wale wanaopiga deki wodini, wanaofua mashuka, wanaopika uji wa wagonjwa, wanaosukuma vitanda, na wanaobeba taka kupeleka pale pa kuchomea. Wakikosa kuja siku mbili tu, hospitali inanuka na wagonjwa wanaumia. Lakini wengi wa watu hawa huitwa vibarua, hata kama wamekuwa pale miaka na miaka.

Watu wawili waigize mchezo huu mfupi mbele ya kikundi:

*Msimamizi:* Mama, kesho usije. Tukikuhitaji tutakuita.
*Mama:* Kwani nimekosa nini, bwana? Nimefagia wodi hii miaka minne.
*Msimamizi:* Hujakosa kitu. Wewe ni kibarua tu, na kibarua hana barua.
*Mama:* Haya. Mungu yupo.

Mama anaenda nyumbani. Karo ya watoto haijalipwa na kodi ya nyumba inangoja. Hakuuliza zaidi kwa sababu anaamini neno aliloambiwa, kwamba kibarua hana haki. Katika kazi yangu ya jamii nimelisikia neno hili mara nyingi sana, na mara nyingi linatoka kinywani mwa kibarua mwenyewe. Je, ni kweli?

2. Sheria inamwita nani kibarua?

Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi! Anayelipwa kila mwisho wa mwezi kwa miaka minne si kibarua wa namna hiyo, hata bosi akimwita hivyo kila asubuhi.

Sheria hiyo inaendelea. Kibarua akifanya kazi mfululizo mpaka siku zake zifike mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Siku za mapumziko ya juma na sikukuu za serikali zinahesabiwa ndani ya huo mfululizo. Tangu hapo, akitaka kuachishwa, apewe ilani ya maandishi ya siku 28. Na akifikisha miezi miwili mfululizo, anastahili masharti ya kazi sawa na mtu ambaye hakuanza kama kibarua.

Tusidanganyane hapa. Haina maana kwamba ameandikwa kazi ya kudumu yenye pensheni ya serikali. Maana yake ni kwamba hawezi kutupwa nje kama gunzi la mahindi.

3. Haki zenyewe

Mfanyakazi wa mwezi anastahili mambo haya, na mengine pia:

- Siku moja ya mapumziko katika kila siku 7.
- Likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo, kila baada ya miezi 12.
- Akiwa amefanya kazi miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari: siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 zaidi kwa nusu mshahara, kila mwaka.
- Mama akijifungua: miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Amwarifu mwajiri kwa maandishi siku 7 kabla. Baba: wiki mbili.
- Karatasi ya mshahara inayoonyesha alicholipwa na kilichokatwa.
- Kabla ya kufutwa kwa kosa, aelezwe kosa hilo kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kando yake.

Mja mzito hawezi kufutwa kwa sababu ya mimba. Wala mtu hawezi kufutwa kwa sababu amejiunga na chama cha wafanyakazi au amepeleka malalamiko.

4. Hatari ya sindano na taka

Hospitali si kama ofisi ya makaratasi. Anayebeba taka bila glavu nzito na buti anaweza kuchomwa na sindano iliyotumika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi pesa. Pia, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Ulizeni kama ipo, na kama watu wa usafi wana mwakilishi ndani yake.

Ukichomwa sindano, usinyamaze kwa aibu. Osha pahali hapo kwa maji na sabuni, umwambie msimamizi, na uende ukaonwe siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianzwe haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72. Halafu hakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu. Madai ya fidia kwa kuumia kazini yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Ukikosa maandishi, baada ya mwaka utaambiwa uliumia nyumbani kwako.

5. Mali bila daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ni hivyo hivyo. Nunua daftari ndogo, uweke nyumbani, si kazini. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia na kutoka, wodi, na jina la msimamizi wa zamu. Ukilipwa, andika ni kiasi gani na kwa njia gani. Kama unalipwa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Tunza kitambulisho cha kazi hata kikichakaa. Angalia pia kama pesa zako za NSSF na SHA zinafika kweli, si kukatwa tu.

Kwa nini tunasisitiza? Sheria inamtaka mwajiri ndiye atunze mkataba wa maandishi. Kesi ikifika mahakamani naye ashindwe kuuleta, ni juu yake kuthibitisha masharti yalikuwaje. Lakini kwanza ni lazima ionekane kwamba ulifanya kazi pale. Hapo ndipo daftari yako inapozungumza.

Jambo lingine: jua mwajiri wako ni nani. Ni hospitali, ni kaunti, au ni kampuni iliyopewa kazi ya usafi? Wengi hupeleka barua mlango usio wao na kupoteza miezi.

6. Hatua za kufuata

*Kwanza,* msiende mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. KUDHEIHA ni chama kimoja kinachopokea wafanyakazi wa hospitali. Hata madaktari waliosoma sana walihitaji chama chao walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013.

*Pili,* andikeni barua kwa mwajiri kwa heshima, bila matusi. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

*Tatu,* asipojibu, nendeni ofisi ya leba. Aliyefutwa apeleke malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Si lazima kuwa na wakili.

*Nne,* ikishindikana, kuna Mahakama ya Uajiri na Leba. Mlango huo hufungwa miaka mitatu ikipita.

Maswali ya kujadili

1. Mama wa kwenye mchezo angejibu nini? Igizeni tena, mara hii akijua sheria.
2. Katika familia zetu, nani anaitwa kibarua na amefanya kazi mahali pamoja zaidi ya miezi miwili?
3. Ni woga gani unaotuzuia kusema? Tunaweza kuupunguza namna gani pamoja?
4. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amtembelee mfanyakazi mmoja wa hospitali, amsomee sehemu ya pili ya somo hili, na amsaidie kuanza daftari.